Bakuli Mapajani

Elieshi Mshana hakuwa mtu wa picha. Kwao Same ukutani walitundika kalenda ya duka na picha ya kipaimara, basi. Lakini leo alikuwa ameinamia picha moja tangu asubuhi, mgongo unamuuma, na picha yenyewe haijamwambia kitu.

Ilikuwa imelazwa mezani katika ghala la nyumba ya mnada jijini London, chini kabisa, mahali pasipo na dirisha hata moja. Ilimwonyesha mwanamke wa Unguja akikuna nazi uani. Kitambaa chekundu kichwani, bangili mikononi, birika kubwa la shaba nyuma yake. Nusu ya juu ilionekana vizuri. Nusu ya chini ilikuwa nyeusi ti, kama sufuria iliyopikiwa kuni miaka na miaka.

Na ilikuwa bandia. Hilo halikuwa na ubishi tena. Minal, mtaalamu wa picha za kale pale mnadani, ndiye aliyeligundua: rangi nyeupe ya zile bangili ilianza kutengenezwa mchoraji akiwa ameshaoza kaburini. Picha halisi ilikuwa mahali pengine, na kampuni ya bima iliyomwajiri Elieshi ilitaka kujua ni wapi kabla ya kulipa.

Polisi hawakuwa na haja ya kujua zaidi. Walikuwa na mtu wao. Valentine Rutaihwa, kijana wa Bukoba, dereva wa kampuni ya kusafirisha vitu vya thamani, ndiye aliyeichukua picha nyumbani kwa wenyewe, mtaa wa Queensbury. Foleni ikamkwamisha, gari likalala na mzigo yadi, asubuhi yake akaufikisha mnadani. Mwenyewe alishaandikisha kwamba kule Queensbury aliifungua, akaikagua, akaikuta ndiyo yenyewe. Basi kama ilikuwa halisi Queensbury na bandia mnadani, imebadilishwa wapi kama si ndani ya gari lake? Leo saa kumi jioni alitakiwa kurudi kituoni na wakili. Akifunguliwa mashtaka, kazi imekwenda. Kazi ikienda, viza imekwenda. Na mkewe Gladness tumbo hilo hapo, mtoto yuko njiani. Elieshi aliwajua wote wawili kwa sababu walisali kanisa moja. Alijitahidi asilifikirie hilo, na hakuweza.

"Nieleze tena huyu mchoraji," alimwambia Minal.

Minal alizaliwa Harrow, hapohapo London, wazazi wake walitoka Kampala. Kiswahili alikielewa kutokana na bibi yake, ila alijibu kwa Kiingereza, na ndivyo mazungumzo yao yalivyokwenda, mmoja huku mwingine kule. Mchoraji aliitwa Garencin, Mfaransa. Alijulikana kwa picha za maisha ya kila siku ya watu wa Mashariki: vinyozi, wauza kahawa, wanawake wakipika. Na hakuwahi kuvuka Aleksandria. Rafiki yake nahodha alimletea sanduku la vitu kutoka bandari za watu, naye akawavisha wanawake wa Paris, akawakalisha karibu na jiko la makaa ili wasife kwa baridi, akachora. Minal akaligonga lile birika kwa kalamu, hewani, bila kuligusa. Birika hilohilo limo katika picha yake ya Misri. Limo pia katika ile ya Uajemi. Limo na katika ile ya India.

"Yaani Mashariki yote ilikuwa na birika moja," Elieshi alisema.

"Na watu wakamwamini. Wengi wa wakati wake walifanya kazi hivyo."

Elieshi alitoa kwenye faili picha ya kamera. Ilipigwa na kampuni yake miaka mingi nyuma, wakati Madhu, marehemu mwenye mali, alipoikatia bima, mara tu baada ya kuisafishisha. Wakati ule picha iling'aa hadi chini. Baadaye ikatundikwa sebuleni karibu na mahali pa sala, ikapigwa na moshi wa udi na taa za mafuta asubuhi na jioni, ikaingia giza. Polisi walishalinganisha uso na uso, mikono na mikono, wakarudisha faili. Nani ahangaike na giza la chini?

"Lete taa," alisema. "Iweke chini, imulike kwa ubavu."

Minal akaisogeza. Lile giza likaachia kidogo. Zikaonekana nyayo, kigoda, ulimi wa chuma wenye meno ukitokeza mbele. Mbuzi ya kukunia nazi, nzuri kabisa. Na chini ya ulimi ule, palepale panapostahili, bakuli.

Elieshi akatazama picha ya kamera. Akatazama meza. Akarudia. Kisha akacheka kwa sauti, cheko la mtu aliyeishi Tanga akiwa askari wa upelelezi na kukuna nazi za mwenye nyumba wake kila Jumapili.

Katika picha ya kamera, ile ya Garencin mwenyewe, bakuli lilikuwa mapajani.

Ilibidi amweleze Minal. Mtu huikalia mbuzi, ulimi ukawa mbele yake, nazi anaishika kwa mikono miwili na kuisugua pale kwenye meno, na unga wa nazi unadondoka. Unadondoka chini, si mapajani. Ndiyo maana bakuli huwekwa chini ya ulimi. Mfaransa aliletewa kigoda, hakuletewa mtu wa kumwonyesha. Akaona bakuli, akaona mwanamke ameketi, akampakatisha kama mtoto.

"Kwa hiyo aliyenakili alirekebisha kosa," Minal alisema.

"Hakurekebisha. Hakuliona. Alinakili juu kwa macho, na kule gizani mkono wake ukaliweka bakuli pale alipolizoea. Huyu mtu amekuna nazi maisha yake."

Alifurahi, na furaha ikamponza. Alimpigia simu Sajini Justin, aliyeishika kesi, akammwagia yote kwa pumzi moja. Justin alisikiliza vizuri sana. Kisha akauliza kama ni kweli Watanzania hukuna nazi. Akashukuru. Akasema hilo linafunga kazi, kwa sababu katika kesi nzima Mtanzania ni mmoja tu, na yuko kwenye orodha yake ya saa kumi.

Elieshi alibaki na simu mkononi. Alikuja kumsaidia kijana wa watu, sasa amemfungia kamba kwa mkono wake mwenyewe. Aseme nini, kwamba Bukoba ni ndizi? Mtu yeyote aliyepanga chumba Dar es Salaam ameiona mbuzi. Justin asingetofautisha Bukoba na Bagamoyo, na kwa saa zilizobaki hakukuwa na muda wa kumfundisha.

Alichukua mkoba wake. Mlangoni, juu ya rafu, aliona shuka limekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni, la maua ya buluu, limefuliwa mara nyingi hadi limelainika.

"Hili?"

Minal alisema picha ilikuja imefungwa humo. Tena haikufungwa, ilishonwa. Bibi yake alikuwa akishona vifurushi vya kupeleka India vivyo hivyo, nguo pande zote, uzi na sindano, kusudi njiani asifungue mtu. Ilibidi akate mshono kwa mkasi.

"Wewe ndiye uliyekata?"

"Mimi mwenyewe. Pande zote nne."

Elieshi alilitandaza. Mshono ulikuwa mdogo, wa kurudia nyuma, uzi mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, haukupinda hata chembe. Hakukuwa na tundu la sindano lililoachwa tupu, wala alama ya mshono mwingine uliofumuliwa. Aliupitisha ukucha ukingo mzima polepole. Shuka hili lilishonwa mara moja na kufunguliwa mara moja.

Basi Valentine aliikagua vipi?

Alimwambia Minal asiruhusu mtu kuligusa lile shuka, akapanda treni ya Metropolitan hadi Rayners Lane, anahesabu vituo kana kwamba kuhesabu kungeisukuma treni.

Valentine na Gladness walipanga chumba juu ya duka la vitambaa karibu na stesheni. Kijana alikuwa ameshavaa suti ya kwenda kituoni, shati limepigwa pasi, amekaa ukingoni mwa kitanda asilikunje. Gladness alikuwa kwenye kochi, miguu juu ya ndoo iliyofunikwa. Hakuna aliyekuwa amegusa chakula. Walimkaribisha, dada karibu, dada kaa, na Elieshi akakaa, lakini hakuuliza habari za nyumbani.

Alimuuliza Valentine aliifunguaje picha ile. Valentine akasema kwa kisu. Alikata wapi? Pembeni. Akafunga tena kwa kitu gani? Kwa gundi ya karatasi, ile ya kazini. Elieshi akamwambia kwamba ametoka kulishika shuka lenyewe, gundi haina, na mshono ni mmoja. Akamwambia pia kwamba saa ya ukutani haimsubiri mtu.

Valentine alitazama viatu vyake. Gladness ndiye aliyesema, bila kupandisha sauti, "Mwambie, Vale. Au nitamwambia mimi."

Akasema. Kule Queensbury alifunguliwa mlango na mama wa kule, bi Jaya, mjane wa Madhu. Kusikia jina lake na lafudhi yake, yule mama akabadili lugha palepale, akaingia Kiswahili, akamuuliza kwao wapi, akamketisha jikoni, akampa chai ya tangawizi na kachori za moto. Amekaa London miaka minne, alisema Valentine, na hakuna nyumba ya mteja aliyowahi kuambiwa kaa. Kisha mama akamletea mzigo umeshashonwa. Mwanangu, nimeshaufunga vizuri, usihangaike. Amri ya kazi ilikuwa kufungua kila mzigo mbele ya mwenyewe na kuukagua.

"Dada, ningefanyaje? Mama mtu mzima, nimekula chakula chake, ameniita mwanangu, halafu nichomoe kisu nichane kazi ya mikono yake mbele ya macho yake? Si ndiyo kumwambia wewe ni mwizi?"

Alitia saini kwamba amekagua, akapokea kachori nyingine za njiani. Mambo yalipoharibika, akaona akisema hakufungua atafukuzwa kazi siku hiyohiyo. Na kuna jambo jingine. Akisema hakufungua, watakwenda kumsumbua yule mama.

"Ukanyamaza ili asisumbuliwe," Elieshi alisema.

"Ni mtu mzima, dada."

Elieshi alitaka kumzaba kibao na kumkumbatia, vyote kwa pamoja. Kijana mzima anakwenda jela kwa sababu ya adabu! Wamweleze Justin hilo wapi akaelewa? Na hata akielewa, atasema ni hadithi ya dakika ya mwisho, mshono anaweza kushona yeyote, na mtuhumiwa mwenyewe amekiri kwamba alisema uongo. Alimwambia Valentine aende kituoni, asifungue mdomo hadi ampigie. Gladness alimsindikiza hadi mlangoni, akamshika mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi.

Alichukua teksi hadi Queensbury. Gharama atajuana na ofisi huko mbele.

Nyumba ilikuwa ya kawaida, imeungana na ya jirani, maua ya plastiki dirishani. Bi Jaya alifungua mwenyewe, mwanamke mdogo wa umbo, sari ya pamba, sweta la mwanawe juu yake. Elieshi akamwamkia shikamoo na kueleza anatoka bima. Marahaba, mwanangu, ingia, baridi. Ajay, mwanawe, alikuwa ofisini kwake Harrow. Yeye ndiye aliyeamua picha iuzwe, mama alisema, maana anataka kupanua nyumba. Alilisema bila kinyongo, au kinyongo kilikuwa kimekunjwa vizuri.

Jikoni maharage yalikuwa motoni. Harufu ya tui ilimpiga Elieshi, ikamrudisha Tanga mzimamzima. Alisifia. Bi Jaya akasema siku hizi anatumia nazi ya kopo, magoti hayamruhusu tena kukalia mbuzi, lakini ikija sikukuu anajikaza. Mbuzi yenyewe ilikuwa ile pale, imesimamishwa kando ya friji.

Elieshi aliiona. Alitamani sana asingeiona.

Alipitishwa sebuleni. Ukutani, mahali pa picha, palikuwa na msumari. Karibu yake palikuwa na mahali pa sala, vijiti vya udi vikifuka, na juu yake picha ya Madhu na shada lake. Upande wa pili kulikuwa na picha nyingine ya zamani, ya mtu aliyepanda ngazi mbele ya jumba la sinema, brashi mkononi, na nyuma yake uso wa mcheza filamu mkubwa kuliko mlango. Chini ya ngazi alisimama msichana wa misuko miwili ameshika kopo la rangi.

"Huyo ni baba," bi Jaya alisema. "Matangazo yote ya sinema pale Tanga alichora yeye. Wanamletea kikaratasi kidogo hivi, anakikuza kuwa ukuta."

"Na mama ulikuwa unamsaidia."

"Nywele na bangili zilikuwa kazi yangu." Akakaa kwenye kiti, polepole, kama mtu aliyesikia mlango ukifungwa nyuma yake.

Elieshi alimweleza yote kwa utaratibu. Shuka la maua ya buluu. Uzi mmoja. Rangi ya bangili. Bi Jaya alitikisa kichwa kila mara. Alisema vijana wa siku hizi huwezi kuwajua, pengine alishona mwenyewe, dereva huyo. Alisema Ajay atakasirika mtu akimjia mama yake na maneno ya namna hii. Alisema magoti yanamuuma. Mikono yake ilikunja na kukunjua pindo la sari, na ndani ya kucha za mkono wa kulia kulikuwa na weusi uliokataa kutoka.

Saa ilikuwa imekaribia kumi. Elieshi hakuwa na hoja nyingine. Akiondoka hivi, mama atabaki na maharage yake, na Valentine ataingia kwenye kile chumba. Basi alitoa picha ya kamera, akaiweka juu ya meza, mbele yake.

"Sikuja kwa ubaya, mama. Nataka uniambie kitu kimoja tu. Bakuli liko wapi?"

Bi Jaya alivaa miwani. Aliinama.

Kisha akacheka. Kicheko kidogo, kikavu, kikamtoka bila ruhusa, na kabla hakijaisha machozi yalikuwa yameshafika kidevuni.

"Mapajani," alisema. "Bhagwan, Mungu wangu. Lilikuwa mapajani."

Alieleza huku akijifuta kwa sari. Madhu aliinunua kwa sababu ya bakuli lile. Hakuijua thamani yake, alikuwa hajui Garencin ni nani. Aliiona katika duka la vitu vikuukuu, siku za mwanzo wamefika nchi hii, hawana kitu wala mtu, akacheka hadi mwenye duka akaogopa. Kila asubuhi akinywa chai alikuwa anamsalimu yule mwanamke. Mama, nazi yote inamwagika, watoto watakula nini? Kila asubuhi, hadi uchakavu wa utani huo ukawa ndio utamu wake. Halafu moshi ukapanda, bakuli likapotea, Madhu naye akapotea.

"Ajay aliposema anaiuza, nikasema haiwezekani. Nitamchorea nyingine, hatajua, hajawahi kuitazama. Wauze hiyo. Mimi nibaki na ile aliyoipenda baba yake." Aliigusa ile picha ya kamera kwa kidole, pale mapajani. "Nimekaa nayo chumbani miezi yote hiyo, namtafuta Madhu humo. Na kile alichokuwa anakicheka kila siku nimekisahau. Mkono wangu wenyewe umekifuta."

Elieshi alisema ukweli. Alimwambia kuna kijana anaitwa Valentine, aliyekula kachori zake, na sasa hivi yuko kituoni amevaa suti yake moja. Alimwambia kwa nini hakufungua shuka.

Bi Jaya alisikiliza hadi mwisho. Aliuliza mara moja tu kama mke wa yule kijana ni kweli ana mimba. Aliutazama ule msumari ukutani. Kisha akanyoosha mkono, kiganja juu, na Elieshi akachelewa kuelewa kwamba anaomba simu.

Elieshi akampigia Justin, akampa mama simu. Justin alipokea akimwita Elieshi, kwa haraka, akisema wanaingia chumbani sasa hivi. Bi Jaya akamkatiza kwa Kiingereza safi cha mama aliyewahi kuongea na walimu wakuu wa Harrow. Alitaja jina lake lote. Alisema picha iko chini ya kitanda chake, na ile nyingine ameichora yeye.

"Yule kijana hakufungua kwa sababu alinionea haya," alisema. "Mimi ndiye niliyepaswa kuona haya, na nimekaa hapa napika."

Alirudisha simu. Akainuka kwa kushika meza, magoti yakilia, akaenda kutafuta koti lake nyuma ya mlango. Mikono ya koti ilimshinda, Elieshi akamsaidia mmoja, kisha wa pili.

"Zima jiko, mwanangu," bi Jaya alisema. "Maharage yataungua."